YouTube ukiwa Moshi: hela inafika, ulinzi bado ni wa wakubwa

Vijana wanaoshika kamera hapa Moshi na kule Arusha wananiuliza swali moja kila tukikutana kwenye kumbi za harusi: "Dada, YouTube inalipa kweli?" Inalipa. Nina chaneli ya mapishi na maisha ya Kilimanjaro, naiendesha mwenyewe bila kampuni nyuma yangu, na hela imekuwa ikiingia benki kama walivyoahidi. Swali ambalo hawaniulizi, mpaka yawafike, ni la pili: kazi yako ikiibwa, wanakulinda? Hapo ndipo nina mengi ya kusema. Nikiipa huduma hii alama juu ya tano, malipo nayapa nne, ulinzi wa haki za mtengenezaji mdogo naupa mbili.

Nijieleze kidogo mjue natazama kutokea wapi. Kinachonilisha ni video za harusi, sendoff na kipaimara mwisho wa wiki. Katikati ya wiki napanda Uru, Kibosho au Marangu kurekodi vitu ninavyovipenda: mtori wa ndizi mshare, kiburu, mbege, pombe yetu ya ndizi, tangu ndizi zinapochemshwa mpaka mso wa ulezi unapoingia, akina mama wanaoshusha mikungu Mbuyuni na Kiboriloni alfajiri. Vifaa vyangu ni kamera moja, maiki ya kubana kwenye nguo, tripodi na simu. Bando nanunua mwenyewe, nauli nalipa mwenyewe, na mama akipika mbele ya kamera yangu namlipa. Kwa hiyo nikisema inalipa, nahesabu kinachobaki baada ya hayo yote, na kuna miezi kinabaki kidogo sana.

YouTube ilianzishwa 2005, na mwaka uliofuata Google ikainunua kwa dola bilioni 1.65. Muda wote huo waliokuwa wakiijaza video hawakupata hata senti. Mpango wa kugawana mapato ya matangazo ulianza 2007. Siku hizi, kwa video ndefu, mtengenezaji anachukua asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayotokea kwenye video yake na wao wanabaki na 45. Tangazo likiingiza dola 10, dola 5.50 ni zako. Ninachokipenda ni kwamba mgawanyo huo umeandikwa, upo wazi kwa kila anayetaka kuusoma, na kiwango cha mtu wa Pasua ni kile kile cha mtu wa London. Nimewahi kuiuzia vipindi studio moja ya hapa Kaskazini, sitaitaja, kwa makubaliano ya mdomo. Vipindi vilirushwa, matangazo ya saruji na sabuni yakapita katikati yake, na kila nilipouliza habari ya malipo niliambiwa bosi yuko safarini. Mtu aliyepitia hayo anauheshimu mkataba unaotaja asilimia.

Mlango wa kuingilia ndio mwembamba. Tangu 2018 unatakiwa uwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Siku hizi kuna njia nyingine pia, ya video fupi kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Hebu zipigie hesabu hizo saa 4,000: ni dakika 240,000. Kama kila anayefungua video yako anakaa nayo dakika nne kisha anaondoka, unahitaji itazamwe mara 60,000, na ndani ya mwaka mmoja. Kwa mtu anayechekesha mjini hiyo ni kazi ya wiki chache. Kwa anayeonyesha namna bibi anavyomenya ndizi kwa kisu cha mbao ili zisiwe nyeusi, ni safari ndefu, na katika safari hiyo yote matangazo yanaweza kuwekwa kwenye video yako bila wewe kupewa chochote. Hili la mwisho silikubali. Kama kazi yangu inafaa kubeba tangazo, inafaa kulipwa, hata kama ni senti zitakazosubiri kwenye akaunti mpaka nifikishe vigezo.

Ukishaingia, mambo yanakwenda kwa utaratibu. Salio likifika dola 10 wanakutumia barua ya karatasi yenye namba ya siri, kwenye anwani ya posta, kuthibitisha kwamba upo. Yangu ilifika kwenye S.L.P. niliyoiandika, bahasha ndogo nyeupe ambayo ni rahisi kuidhani ni tangazo ukaitupa. Namba ile inadumu miezi minne, na isipofika unaomba nyingine. Jina uliloandika kwenye akaunti liwe lile lile la benki na la kitambulisho cha NIDA, herufi kwa herufi. Wadogo zangu wengi wanafungua chaneli kwa jina la kisanii na akaunti ya malipo wanaiandika hivyo hivyo, halafu hela inagoma kutoka. Malipo yenyewe hutoka salio likifika dola 100, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi. Usipofikisha, salio halipotei, linasogea mwezi unaofuata. Kabla ya kuwapa namba ya akaunti, kaa na mtu wa benki akuonyeshe makato ya kupokea fedha kutoka nje, maana benki hazifanani, na ukipokea kiasi kidogo makato hayo yanauma.

Kisha kuna fomu ya kodi ya Marekani, na hapa naomba msikilize vizuri, kwa sababu nimeona watu wakiiogopa na kuiacha. Tangu Juni 2021 Google inakata kodi ya Marekani kwenye mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo ukijaza fomu ile inayoitwa W-8BEN utakatwa asilimia 30, lakini ni ya sehemu ya watazamaji wa Marekani peke yake. Usipoijaza, wanaweza kukukata mpaka asilimia 24 ya mapato yako yote, yakiwemo ya mtu anayekutazama akiwa Himo au Boma Ng'ombe. Asilimia 24 inaonekana ndogo kuliko 30, ndiyo maana watu wanadanganyika. Jazeni fomu. Muda wake ukiisha baada ya miaka kama mitatu, jazeni tena.

Kiasi unachopata kinategemea sana nani anakutazama na yuko wapi. Nafasi za matangazo zinauzwa kwa mnada, na makampuni yanapanda dau zaidi kumfikia mtazamaji wa Ujerumani au Marekani kuliko wa Tanzania. Kwangu hii inaonekana wazi. Kipindi cha soko la Mbuyuni kinatazamwa na watu wengi wa hapa hapa na kinaleta kidogo. Kipindi cha mtori kinatazamwa na Wachagga walioko ughaibuni, wanaotaka kuwapikia watoto wao, na kinaleta zaidi ingawa watazamaji ni wachache. Desemba inakuwa nzuri mara mbili: watangazaji wa dunia wanamwaga bajeti za mwisho wa mwaka, na sisi wa mlimani ndio msimu wetu wa kurudi nyumbani, kila mtu anatafuta chochote chenye harufu ya kihamba, shamba la nyumbani la migomba. Januari inashuka ghafla. Anayetegemea hela hii kulipa ada ya shule ya Januari aiweke ya Desemba pembeni.

Video fupi nazipitia haraka. Mgao wake ulianza Februari 2023 na hesabu yake ni ya mfuko wa pamoja. Video isiyo na wimbo, mapato yake yote yanaingia kwenye mfuko wa watengenezaji. Ikiwa na wimbo mmoja, nusu inakwenda kwa wenye muziki, na nyimbo mbili, theluthi mbili. Mfuko unagawanywa kwa kadiri kila mtu alivyotazamwa katika kila nchi, na katika fungu lako unapewa asilimia 45. Mimi nazitumia kuwaleta watu kwenye video ndefu, basi. TikTok ninayo, lakini mpango wake wa kuwalipa watengenezaji kwa kutazamwa uko kwenye nchi chache kama Marekani, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Japani na Brazili, na Tanzania haimo. Mtu wa Moshi anaweza kutazamwa huko mara milioni na mpango huo usimpe kitu.

Sasa ulinzi.

Chombo kikubwa cha YouTube kinaitwa Content ID. Kilianza 2007, mwaka ule ule Viacom ilipoifungulia YouTube kesi ya dola bilioni 1 kwa madai ya kuachia vipindi vyake vipakiwe hovyo, kesi iliyomalizika kwa makubaliano 2014. Ukijua historia hiyo utaelewa kwa nini kimekaa kilivyokaa: kilijengwa wakati makampuni makubwa ya filamu na muziki yalikuwa mlangoni na mawakili. Mwenye haki anakabidhi nakala ya kazi yake, mfumo unachukua alama zake, kisha unapekua kila video inayopakiwa. Ikifanana, mwenye haki anachagua: aizuie video, aache ibaki lakini hela za matangazo ziende kwake, au atazame tu takwimu zake. Wengi wanachagua hela, na hadi mwisho wa 2022 YouTube ilisema imeshawalipa wenye haki dola bilioni 9 kupitia njia hii. Kama ufundi, ni kitu cha ajabu na ninakikubali.

Tatizo ni kwamba mimi siruhusiwi kukitumia. Content ID inatolewa kwa wanaomiliki kazi nyingi zinazopakiwa na wengine mara kwa mara: studio, lebo, wasambazaji wa muziki. Mtengenezaji mmoja mmoja anapewa chombo kidogo zaidi, Copyright Match Tool, kilichoanza 2018, kinachomwonyesha video zilizopakiwa upya nzima au karibu nzima kwenye chaneli nyingine za YouTube. Hicho ninacho na ninakitumia. Kimenikamatia watu walionyanyua kipindi kizima cha mbege wakakata jina langu pembeni. Unachagua kuwaandikia, kuwapa siku saba waondoe wenyewe, au kuomba kiondolewe papo hapo. Kinafanya kazi. Lakini aliyechukua dakika mbili katikati hakimwoni vizuri, aliyechukua sauti peke yake hakimwoni, na aliyepeleka video Facebook au Instagram yuko nje ya macho yake kabisa.

Acha niwasimulie kisa cha sauti, maana ndicho kilichonifanya niandike haya yote.

Kuna kikundi cha akina mama huko Uru ambao huimba wakati wa kazi za pamoja, palizi na mavuno. Niliomba ruhusa, tukaelewana malipo, nikawarekodi chini ya migomba asubuhi moja ya upepo, maiki nimeifungia kipande cha kitenge ili isivume. Ubeti wa pili ukiwa katikati, jogoo wa jirani akawika kwa nguvu, na yule mama kiongozi hakusita, akaimba juu yake. Nikaipenda ile sehemu nikaiacha ilivyo. Video ilipakiwa, ikatulia, ikapata watazamaji wake.

Baadaye sana, nafungua YouTube Studio kwenye simu, naona kwenye safu ya vizuizi, mbele ya video ile, neno la hakimiliki. Kumbe kuna mtengeneza midundo wa mji mwingine aliyechukua sauti kutoka kwenye video yangu, akaweka ngoma chini yake, akaupeleka wimbo kwa kampuni ya kusambaza muziki mtandaoni akijiandika yeye ni mwenye kazi. Kampuni ile ina haki ya kutumia Content ID, ikaingiza wimbo kwenye mfumo, mfumo ukapekua, ukakuta sauti yake imo kwenye video ya mtu fulani wa Moshi. Nikawa mimi ndiye ninayedaiwa. Hela ya video niliyoirekodi kwa mikono yangu ikaanza kwenda kwa aliyeichukua. Niliusikiliza wimbo wake kwa spika za masikioni mpaka ubeti wa pili, na jogoo yumo. Chini ya midundo yote ile anawika pale pale alipowika.

Mama kiongozi nilimpandia kumwelezea, nikampa shikamoo, nikamwekea wimbo kwenye simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, hii sauti si yangu? Sasa huyu amenilipa lini?" Sikuwa na jibu la kumpa siku ile, nikamwahidi nitalifuatilia.

Utaratibu wa kupinga dai upo, na kila mmoja aujue kabla hajauhitaji. Unafungua pingamizi ukieleza kwamba kazi ni yako. Ukipinga ndani ya siku tano tangu dai liingie, mapato yote tangu siku ya kwanza yanawekwa pembeni yasubiri uamuzi. Ukichelewa, yanawekwa pembeni kuanzia siku uliyopinga, ya nyuma yanakwenda kwa mdai. Mdai ana siku 30 za kujibu. Akikaa kimya, dai linaanguka. Lakini anayesoma pingamizi lako mwanzoni ni yule yule aliyekudai, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Akilikataa, unakata rufaa, anapewa siku saba, na akiendelea kushikilia anaweza kuomba video iondolewe, nawe ukapata onyo la hakimiliki. Maonyo matatu ndani ya siku 90 na chaneli nzima inaweza kufungwa. Mtu ambaye chaneli ndiyo ajira yake akiyasoma hayo mkono unatetemeka kubonyeza, hata kama ana haki.

Mimi nilibonyeza. Nilieleza tarehe ya kurekodi, mahali, nikataja jogoo na dakika anayowika. Kampuni ikaliachia dai. Nikaiandikia tena moja kwa moja nikiambatanisha mafaili ya kamera yaliyo na tarehe zake, ikauondoa ule wimbo. Hela iliyokuwa imewekwa pembeni ikarudi, na fungu la akina mama nikalipeleka.

Sasa tazama takwimu hizi. YouTube ilipotoa ripoti yake ya kwanza ya hakimiliki, inayohusu Januari hadi Juni 2021, ilionyesha madai zaidi ya milioni 722 ya Content ID, karibu yote yakifanywa na mashine. Yaliyopingwa hayakufika asilimia moja, yaani kama milioni 3.7. Na katika hayo yaliyopingwa, asilimia 60 yaliishia kwa ushindi wa aliyepakia video. Wapo watakaosema asilimia moja kupinga ni dalili kwamba mfumo hauna kasoro. Mimi nikikumbuka mkono wangu ulivyokuwa juu ya kile kitufe, naona kuna watu wengi wenye haki ambao hawakubonyeza. Kiingereza cha fomu kinatisha, neno "mahakama" linatisha, na aliyedai anaonekana ni kampuni kubwa.

Njia nyingine, ya kuomba video ya mwizi iondolewe kwa fomu, inafuata sheria ya Marekani ya 1998 inayoitwa DMCA. Ni ya bure, na mtu yeyote duniani anaweza kuitumia, sifa hiyo naitoa kwa moyo mmoja. Ila unaandika jina lako kamili na anwani, na jina hilo linaweza kuonekana na uliyemshtaki. Naye akileta kanusho, unapewa siku 10 za kazi kuonyesha kwamba umefungua shauri mahakamani, la sivyo video inarudishwa. Mwanamke anayeishi peke yake Majengo, anayemshtaki mtu asiyemjua, ana sababu ya kufikiria mara mbili. Na wakili wa kufungua shauri kwa ajili ya video ya mtori atalipwa na nani?

Kuna wazo moja la zamani ninalolikumbuka kila nikiona video yangu inatembea kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo. Mwaka 2005, YouTube ikiwa bado haimlipi mtu, kulikuwa na tovuti ya Marekani iliyoitwa Revver iliyogawana mapato na mtengenezaji nusu kwa nusu. Tangazo lilikaa mwishoni mwa video na kusafiri nayo popote iliponakiliwa, hivyo aliyeisambaza kazi yako alikuwa anakuongezea kipato badala ya kukupunguzia. Revver ilishindwa kibiashara, ikauzwa 2008, haipo tena. Lakini kwa nchi kama yetu, ambako video inarushwa simu kwa simu kabla haijaonwa mtandaoni, wazo lile lilikuwa karibu zaidi na maisha yetu kuliko hili la kumfukuza kila mwenye nakala. Natamani kampuni kubwa ingelirudia.

Nyumbani tuna sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inailinda video yako tangu unapoitengeneza, bila kusajili popote, na ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, kwa hiyo nyimbo za akina mama wa Uru si mali ya kuokota. Tanzania iko kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, maana yake kazi ya Mtanzania inatambuliwa katika nchi nyingine wanachama pia. Kusajili COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, si lazima, lakini cheti chake kina uzito ukiwa unaandikiana na kampuni ya nje, nami vipindi vyangu vikubwa navisajili. Kuhusu leseni, kanuni za 2018 za maudhui ya mtandaoni ziliwatisha wengi kwa ada ya maombi shilingi 100,000, leseni milioni 1 na milioni 1 nyingine kila mwaka. Zimebadilishwa tangu wakati huo, kwa hiyo usisikilize ya kijiweni, nenda ofisi ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, Kanda ya Kaskazini pale Arusha uulize kama aina ya chaneli yako inahusika.

Ningependa YouTube wafanye mambo mawili. La kwanza halihitaji uvumbuzi: video iliyopakiwa kabla isidaiwe na sauti iliyoingizwa baadaye mpaka binadamu awe ameangalia tarehe. Mfumo unazijua tarehe zote mbili. La pili, wafungue mlango wa Content ID kwa vikundi vya watengenezaji wadogo waliosajiliwa, kazi zao zikihesabiwa pamoja. Wazo hili silitoi hewani. Mlima huu umeshalifanya. Mkulima wa kahawa mwenye kihamba kidogo hakuwa na sauti mbele ya mnunuzi, ndipo wakulima wakaunda chama chao, KNPA, 1925, na 1933 ikaja KNCU, chama cha ushirika, wakauza kwa mkono mmoja. Jengo la KNCU tunalipita kila siku hapo mjini tukiwa na kamera mabegani, kila mmoja na kamera yake, kila mmoja na vita yake.

Tumeanza kuzungumza, sisi tunaorekodi harusi Moshi pamoja na wenzetu kadhaa wa Arusha. Bado hatuna jina wala katiba. Kitu cha kwanza tulichokubaliana ni kwamba kila mmoja ahifadhi mafaili yake ya awali kwenye diski ya nje kabla ya kuediti, na aandikiane na kila anayemrekodi, hata kama ni karatasi moja yenye sahihi mbili na kiasi cha malipo. La pili ni kusaidiana kuandika mapingamizi, anayejua Kiingereza amwandikie asiyekijua. Mwenye dai lililomkalia sasa hivi aniandikie hapa chini kwenye maoni, na siku zake tano kama hazijaisha aseme mapema tuanze na lake.